Sakafu ya Desipina

Lori la chumvi lilimshusha Respicius pale Hedaru saa nne asubuhi, na kabla hajapangusa vumbi usoni likawa limekwisha kushika njia ya kwenda Same. Akasimama kando ya barabara na sanduku lake la bati, akatazama huku na huku kama afanyavyo mtu aliyezoea kufika asikokujua: kwanza kivuli kiko wapi, kisha maji, kisha mtu wa kuulizwa. Upande mmoja milima ilikuwa karibu mno, imeinuka ghafla kutoka ardhini bila hata kuaga tambarare, na huko juu ilikuwa ya kijani kama nchi nyingine yenye mvua zake. Upande wa pili ardhi ilikwenda mpaka macho yakachoka: vichaka vya miiba, udongo mwekundu, na mistari ya mkonge iliyonyooka kama daftari la mwanafunzi.

Ilikuwa mwezi wa Mei, mwaka wa sabini na tatu. Respicius alikuwa na miaka arobaini na mitatu na alikwisha kuishi katika miji tisa. Alizaliwa Bukoba, akapika kwa Wahindi Kampala, akapakua meli Mombasa, akachimba mitaro ya barabara Korogwe. Lugha alizikusanya njiani kama mwingine akusanyavyo sufuria: Kihaya cha kwao, Kiganda, Kihindi cha jikoni, Kiingereza cha kuitikia, na Kigiriki kidogo alichookota kwa mkandarasi mmoja mwenye masharubu. Kitu kimoja tu hakupata kukikusanya, nacho ni mahali. Kila alipokaa mwaka wa pili, nyayo zilianza kumwasha.

Safari hii alikuwa na barua mfukoni. Shamba la mkonge la Mikambala, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Hedaru, lilitaka mtunza mbwa.

Meneja wa shamba aliitwa Yahaya, mtu wa Pangani, mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alimpokea vizuri, akamtafutia chai, kisha akampeleka kwenye banda la mbwa nyuma ya ghala. Hatua tano kabla ya kufika akasimama.

"Mimi na hao hatuelewani, udhu wangu unaharibika," alisema. "Lakini ni mali ya umma, na mali ya umma haina dini. Ingia utazame."

Respicius akaingia. Lilikuwa banda la wazi, pana kuliko vyumba vingi alivyopata kulala: ukuta wa matofali mpaka kifuani, wavu juu yake, bati nusu upande. Chini palikuwa na sakafu ya saruji iliyojaa nyufa, na kila ufa ulikuwa na maji yake machafu na viroboto wake. Madume mawili yalimbwekea. Jike, kubwa, la rangi ya mchanga, lilikaa pembeni likamtazama bila haraka. Viwiko vyake vilikuwa vimechubuka mpaka kwenye nyama kwa kulalia saruji.

"Huyo ndiye Desipina," Yahaya alisema kutoka mbali. "Alikuwa wa Mgiriki mwenye shamba. Serikali ilipotaifisha, Mgiriki alibakia kidogo kutuonyesha kazi, kisha mwaka wa sitini na tisa akaenda zake na picha za ukutani. Mbwa akatuachia. Tangu hapo Desipina amezaa mara mbili, sita na watano. Hakuna hata mmoja aliyefikisha wiki mbili. Bwana mifugo alikuja akasema sakafu hii mchana ni kaango na alfajiri ni barafu, na haikauki. Akasema tubadilishe. Tubadilishe tuweke nini, hakusema, basi lilikuwa linamwacha."

"Na sasa, Ndugu Meneja?"

"Sasa tunamtarajia kupata mimba tena, maana hao madume hawana kazi nyingine. Kamati ya wafanyakazi imekaa. Wakifa na hawa, banda linafungwa, mbwa wanagawiwa, na wewe unapewa panga ukakate mkonge na wenzako. Sikutishi, ndugu yangu. Nakusomea tu kumbukumbu za kikao."

"Na mahindi ya ujamaa yatalindwa na nani?" Njiani Respicius alikuwa ameyaona, ekari kumi za wafanyakazi kando ya korongo.

"Na Mungu," Yahaya alisema, "akisaidiana na nyani."

Respicius hakucheka. Mkonge alikwisha kuukata, msimu mmoja, zamani. Ncha ya jani ilimwachia kovu chini ya jicho la kushoto, umbali wa kidole kimoja kutoka upofuni. Panga la mkonge alikuwa amejiapiza halitaingia tena mkononi mwake.

Akachuchumaa. Watu walikuwa wamemwambia kwamba Desipina ni kaidi, haitwi akaja, haambiwi akasikia. Akamtazama, akasema polepole kwa sauti ya yule mkandarasi wa Korogwe: "Ela, Despina. Ela edo."

Masikio ya yule mbwa yakasimama. Akainuka, akatembea mpaka kwa Respicius, akamwekea kidevu gotini.

"Umemwambia nini?" Yahaya aliuliza, amesahau akasogea hatua moja.

"Nimemwambia njoo hapa."

"Miaka minne tunamwita!"

"Mlimwita kwa Kiswahili, Ndugu Meneja."

Yahaya akafikiri. "Basi mfundishe Kiswahili," alisema. "Hii ni nchi huru."

*

Mwisho wa mwezi ilikuwa wazi kwamba Desipina ana mimba. Siku sitini na tatu, Respicius alihesabu, na sakafu ikawa mazungumzo ya shamba zima.

Mikambala palikuwa na watu wa kila upande, kutoka Songea, Kigoma, Singida, Lushoto, na kila mtu alikuja na sakafu ya kwao kichwani. Yahaya alitaka saruji mpya. Saruji ilikuwa na kibali, kibali kilikuwa na barua, na barua ilijibiwa kwa barua nyingine kwamba suala lake linashughulikiwa. Zaituni, mama wa makamo aliyeuza uji na maandazi karibu na mashine ya mkonge, alipendekeza makapi ya mkonge. "Mimi mbwa simgusi," alisema, "lakini sijakatazwa kushauri." Wakamwaga makapi. Siku ya tatu yakachacha, yakanuka hadi ofisini, na Desipina akajikuna mchana kutwa.

"Nilisema makavu," alisema Zaituni.

"Hukusema, dada."

"Mtu mzima anahitaji kuambiwa?"

Akaja Bartholomeo, seremala wa shamba, mtu wa Songea aliyejifunza ufundi misheni na asiyekwenda popote bila pima maji lake la shaba. Yeye alitandika mbao juu ya saruji, nzuri, zimerandwa. Wiki ya pili Respicius aliinua ubao mmoja akakuta mkojo umetuama chini yake na mchwa wamekwisha kufungua barabara kuu. Respicius mwenyewe alijaribu kokoto za korongoni. Kinyesi kikazama kati ya kokoto, nzi wakafuata. Udongo mtupu hakuna aliyethubutu kuutaja, kwa sababu funza wa Mikambala walikuwa na sifa mpaka Korogwe.

Desipina alizidi kunenepa tumboni. Jioni alilala nje, kwenye mchanga wa njia, akikataa banda kabisa, na Respicius alikaa karibu naye akilitazama panga ambalo bado hajapewa.

Hapo ndipo alipotokea Ernesta.

Kila siku ya gulio alishuka kutoka Ikongwe, kijiji cha huko juu kwenye ukungu, na mzigo wa ndizi na tangawizi kichwani, na njiani alipita Mikambala kumwachia Zaituni fungu lake. Alikuwa mwanamke wa Kipare wa miaka hamsini na ushei, mfupi, Mlutheri wa kuimba sauti ya pili. Kilichomtambulisha ni miguu: nyayo pana, vidole vilivyoachana kama vya mtu anayetaka kushika ardhi. Siku hiyo aliutua mzigo, akachungulia bandani.

"Shikamoo mama," alisema Respicius.

"Marahaba, mwanangu. Ni nani aliyewaambia mbwa analala juu ya mawe ya kusagia?"

Respicius akamweleza yote, saruji, makapi, mbao, kokoto. Alimweleza na habari ya kikao. Ernesta alisikiliza huku akiusukuma udongo wa nje kwa kidole gumba cha mguu, kama mpishi anayeonja.

"Tatizo lenu ni maji," alisema. "Na mimi maji nayajua."

Kweli aliyajua. Mlimani kila ukoo una ndiva, bwawa dogo la kuchimba. Maji ya mfereji huachwa yaijaze usiku, na asubuhi huzibuliwa yakamwagilia mashamba kwa zamu. Ndiva ikivuja, mashamba ya chini yanakauka na watu wanaanza kupelekana barazani. Kwa hiyo kila mwaka kabla ya mvua hupigwa baragumu la msaragambo, kazi ya wote, na kila nyumba hutoa mwanamume mmoja kwenda kuikanyaga ndiva kwa udongo mpya.

Mwaka wa arobaini na sita, baragumu lilipigwa na nyumba ya Ernesta haikuwa na mwanamume. Mumewe alikuwa ameshuka kwenda kukata mkonge Muheza. Kilichorudi ni shuka lake na habari ya homa. Wakubwa wa ukoo wakasema, kwa wema kabisa, kwamba mjane atoe mbuzi badala ya mtu. Mbuzi alikuwa mmoja tu. Ernesta akamfunga mtoto wake Wema mgongoni, akaingia kwenye tope katikati ya wanaume thelathini.

"Walicheka?" Respicius aliuliza.

"Walisema nitaulainisha udongo kwa machozi. Nikakanyaga mpaka jioni, mtoto amelala. Mvua zilipokuja, ndiva ilivuja mahali pawili. Nilipokanyaga mimi hapakuvuja. Mwaka uliofuata wakanipa upande wa mdomoni, ambako maji yanasukuma zaidi. Ndiko niliko mpaka leo." Akanyanyua mguu mmoja, akauonyesha kama mtu anayeonyesha cheti. "Nitawafanyia sakafu isiyopitisha hata machozi ya sisimizi."

"Na malipo, mama?"

"Mtoto mmoja jike, mkiwapata. Nyani wamenila mahindi misimu miwili. Wananijua kwa jina sasa."

"Na wakifa?"

"Basi nitakuwa nimekanyaga bure. Haitakuwa mara ya kwanza."

"Sikia, Bartholomeo," Respicius alimwita seremala aliyekuwa akikusanya mbao zake, maana utani ulikuwa umeanza kumwasha ulimi. "Nilidhani Mpare hafanyi jambo bila kesi. Wanasema huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku."

"Na Mhaya huuza kuku anunue kioo," alijibu Ernesta, akijitwika mzigo. "Jumamosi. Niletee udongo wa kichuguu, majivu, na watu. Mimi sikanyagi peke yangu. Sakafu iliyokanyagwa na mtu mmoja huvunjika kwa upweke."

*

Jumamosi walikuja watu ishirini. Walivunja saruji kwa nyundo, wakatoa vifusi, wakamwaga udongo wa kichuguu uliochekechwa na majivu ya jikoni kwa Zaituni. Ernesta alipandisha kanga, akaingia wa kwanza, akaanzisha wimbo wa kwao ambao hakuna aliyeujua, na baada ya nusu saa wote walikuwa wanaujua. Walikanyaga siku hiyo na jioni tatu zilizofuata. Kisha alipiga kwa ubao, akasugua kwa jiwe la mtoni, mpaka sakafu ikang'aa kama mgongo wa mende. Bartholomeo akalaza pima maji lake kila pembe, na kila pembe kitone cha hewa kilikaa katikati bila kutikisika.

"Sawasawa," alisema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu kanisani. "Sijaona sakafu iliyolala hivi. Hata ya misheni haikulala hivi."

Yahaya alikuja kuona. Alisimama hatua nne kutoka mlangoni.

Ernesta akapanda mlima. Wakaiacha sakafu ikauke siku tano, na asubuhi ya sita Respicius akamwaga ndoo mbili za maji kuiosha, akachukua ufagio.

Maji hayakwenda popote. Aliyasukuma huku, yakarudi. Aliyasukuma kule, yakarudi. Hayakuzama, hayakutoka, hayakupungua. Saa sita mchana yalikuwa palepale, na mbingu imo ndani yake pamoja na mawingu. Jioni walikuja njiwa kuoga. Desipina aliweka mguu mmoja, akauondoa, akautikisa, akaenda kulala njiani.

Siku ya pili habari ilikuwa imefika kila kambi.

"Mtunza mbwa, tuletee nyavu tuvue!"

"Umeomba kibali cha mtumbwi?"

"Jamani, tulimwita mama wa ndiva," Zaituni alisema, akijipangusa machozi kwa ncha ya kanga, "mkategemea awafanyie nini kama si ndiva?"

Respicius alicheka nao kwa sababu hakukuwa na la kufanya, lakini aliendelea kuhesabu siku za Desipina. Siku zilikuwa zimebaki kumi na saba. Yahaya hakucheka. Alimuuliza tu, kwa upole uliomtisha zaidi, kama ana buti za shamba.

Siku ya gulio Ernesta alikuja. Respicius alikuwa amejiandaa kwa ajili ya hasira, au aibu, na hakujua kipi kitakuwa kibaya zaidi. Ernesta alisimama mlangoni akiyatazama yale maji.

"Siku ngapi?" aliuliza.

"Tatu, mama."

"Na ndoo ngapi?"

"Mbili. Ukitoa waliyokunywa njiwa."

"Haivuji," alisema Ernesta taratibu, na haukuwa msiba katika sauti yake, ilikuwa fahari. "Haivuji hata kidogo." Kisha mabega yakaanza kumtetemeka. Alicheka mpaka akakaa chini, miguu mbele, mkono kifuani. "Mungu wangu. Tangu ujana wangu naufundisha udongo kukamata maji. Hakuna mtu aliyewahi kuniomba niufundishe kuachia!"

Wengine wakacheka naye, na hapo ndipo Respicius, ambaye hakuwa amecheka, akauliza swali lililokuwa likimzunguka kichwani kwa siku tatu.

"Mama, huko kwenu asubuhi, hayo maji ya ndiva mnayatoaje?"

"Tunazibua mdomo. Kuna tundu chini kabisa, tunalizibua kwa mti mrefu."

"Na sakafu ya ndiva, imelala kama hii?"

Ernesta akaacha kucheka. "Haikulala. Imeinamia mdomo. Ingelala, yangebaki ya mwisho kila siku, yakaoza." Akamtazama kama ndiyo kwanza anamwona. "Banda hili nimelitengenezea tumbo, sikulitengenezea mdomo. Kumbe Mhaya, ndani ya majivuno mna akili."

Hakupanda mlima siku hiyo. Alituma ujumbe kwa Wema kwamba atalala Mikambala, akachukua kitanda cha pili chumbani kwa Zaituni, na asubuhi akaanza kuharibu kazi yake mwenyewe kwa jembe.

Mwenye kuumia zaidi alikuwa Bartholomeo. "Nimesoma ufundi miaka miwili," alilalamika, ameshika pima maji kifuani. "Hakuna siku niliyofundishwa kujenga kitu kilichopinda."

"Leo utafundishwa na mwanamke asiye na viatu," Ernesta alisema. "Lete hicho kichupa chako. Kitone kisikae katikati. Nataka kikimbilie ukutani kila utakapokiweka."

Waliuinamisha udongo vidole viwili kwa kila hatua, kutoka ukutani kuelekea pembe ya mashariki, wakatoboa tundu chini ya tofali la mwisho. Na kwa kuwa kucha za madume zilikuwa zimekwisha kuparura ule udongo mzuri kwenye kingo, Ernesta alitaka mawe bapa juu yake. Wakayaleta kutoka korongoni kwa toroli. Aliyachagua kwa namna ambayo Respicius hakupata kuiona katika miji yake yote tisa. Alilaza kila jiwe chini, akasimama juu yake kwa unyayo mtupu, akafumba macho, akazungusha mguu.

"Hili hapana."

"Lina nini, mama? Ni laini."

"Kwako wewe. Likinikwaruza mimi mwenye ngozi hii, litamtoboa mtoto wa siku moja." Akalitupa. "Hili sawa. Hili sawa. Hili mpelekee meneja akalie."

Mawe yaliyofaulu waliyazamisha kwenye udongo ungali mbichi, yakiinama yote upande mmoja, kama waumini. Sehemu ya kulala aliifanya Bartholomeo, kurudisha heshima yake. Alichukua milingoti ya mkonge, ile nguzo myepesi inayochomoza katikati ya mkonge ukishazeeka, akaipasua, akaifunga ikawa kitanda kipana kilichoinuka shibiri moja juu ya mawe, chenye kizuizi pembeni ili mdogo asianguke. Mlingoti mkavu wa mkonge haunywi maji, na ukiwa juu mchwa hana njia. Kitanda kile alikipima, na kililala sawasawa, na hakuna aliyemkataza.

Zaituni alileta fungu la nyuzi za mkonge za kutandika, kutoka kwenye kamba za kuanikia, akalirusha juu ya ukuta bila kuingia.

"Makavu," alisema.

Siku ya jaribio watu wa zamu ya asubuhi walichelewa kazini makusudi. Respicius alimwaga ndoo nzima kwenye pembe ya juu. Maji yakatanuka, yakasita kidogo kwenye jiwe la katikati, kisha yakateremka yote pamoja, yakatoka kwa mdomo na sauti ya mtu anayekunywa uji wa moto. Nyuma ya ukuta Ernesta alikuwa amechimba shimo na kuchomeka chipukizi la mgomba alilolileta kutoka Ikongwe. Maji yakaingia hapo. Mawe yalikuwa yamekauka kabla Yahaya hajamaliza kusema "Alhamdulillahi."

Desipina alinusa mlango. Akaingia. Alizunguka mawe, akanusa mdomo wa maji kwa muda, kisha akapanda kitandani, akageuka mara tatu, akalala na pumzi ndefu kama mzee aliyefika kwake.

*

Alizaa siku nne baadaye, asubuhi kweupe, wakati mashine ya mkonge inaunguruma. Saba walitoka, mmoja hakupumua. Respicius alimzika yule chini ya mti wa mkambala na hakumwambia mtu mpaka jioni. Waliobaki sita waliparamiana matitini, macho yamefungwa, matumbo ya waridi.

Kila asubuhi aliosha mawe kwa ndoo moja. Kila asubuhi yalikauka. Usiku upepo wa Julai ulishuka mlimani na baridi yake, ukapita chini ya kitanda bila kuwagusa. Yahaya alikuja kila siku kabla ya kufungua ofisi. Alihesabu kwa macho. Ikapita siku ya kumi na moja, ambayo watoto wa mara ya pili walikuwa wamekufa. Ikapita ya kumi na nne. Siku ya kumi na tano Respicius alipogeuka alimkuta meneja amesimama mlangoni kabisa, hatua sifuri, ameshika suruali yake isiguse.

"Sita," alisema Yahaya.

"Sita, Ndugu Meneja. Na wawili wamefumbua macho."

"Nitaandika kwenye kumbukumbu," alisema, na akaenda haraka, kwa sababu mmojawapo alikuwa ameanza kutambaa kuelekea kiatu chake.

Mwezi wa Septemba gari la mkoa lilishusha mifuko minne ya saruji, pamoja na barua kwamba suala lake limeshughulikiwa. Yahaya alimuuliza Respicius wafanye nayo nini. Respicius alisema sehemu anayosimama Zaituni mvua ikinyesha pana matope. Zaituni akapata sakafu ya saruji, na akawa analalamika kwamba inamuumiza magoti.

Katikati ya mwezi huo Ernesta alikuja na kikapu kitupu. Hakuwa na ndizi wala tangawizi.

"Baragumu ni Jumatatu," alisema. "Nikichelewa wataweka kijana mahali pangu mdomoni na mwaka huu wote tutakunywa hewa. Nipe malipo yangu."

"Chagua, mama. Majike ni matatu."

Aliingia bandani kwa miguu mitupu. Hakutazama watoto kwanza. Alitembea juu ya mawe yote, moja moja, kutoka ukutani mpaka mdomoni, akasimama kwenye lile la mwisho, akatikisa kichwa kuridhika. Kisha akakaa. Watoto watano wakamkimbilia. Wa sita, jike jekundu, alibaki kitandani, akambwekea.

"Huyo," alisema Ernesta. "Wengine watawapokea nyani kwa chai."

"Utamwita nani? Kuna majina mazuri ya Kigiriki."

"Baki nayo. Nilifikiri nimwite Kamati, lakini nataka anayeuma." Akamtia kikapuni juu ya kipande cha gunia. "Jina atalipata mwenyewe huko juu, kama tulivyopata sote."

Bartholomeo alikuja kumuaga, na Zaituni, na Yahaya akampa mkono mbele ya ofisi nzima. Respicius alimsindikiza mpaka mstari wa mwisho wa mkonge, ambapo njia inaanza kupanda. Desipina aliwafuata, pua karibu na kikapu.

"Na wewe unakwenda lini?" Ernesta aliuliza. "Zaituni ananiambia hukai mahali miaka miwili."

"Zaituni anaongea sana."

"Sijakuuliza habari za Zaituni."

Respicius alitazama mlima. Alitafuta mwasho wa zamani nyayoni, akangoja, na haukuja. "Ule mgomba," alisema, "utachukua muda gani kuzaa?"

"Ukiumwagilia kila siku? Mwaka na nusu. Mwaka mmoja kama Mungu ana haraka." Akajitwika kikapu. "Utanibakishia chane moja. Na usiupande mwingine karibu, wataanza kesi."

Akaanza kupanda. Alikwenda bila kugeuka, mkono mmoja kwenye kikapu, vidole vya miguu vikishika njia, na kichwa kidogo chekundu kilichomoza nyuma ya kisogo chake kikitazama tambarare. Desipina alimfuata hatua kumi, akasimama, akatazama juu, akatazama nyuma.

"Njoo," Respicius alimwambia. "Njoo hapa, mama."

Yule mbwa akageuka akaja.

Walisimama pamoja mpaka kanga ya Ernesta ikaingia kwenye mawe ya kona ya kwanza, ikatokea tena juu, ndogo, kisha ikaingia kwenye kijani. Katika maisha yake Respicius alikuwa amesindikizwa na watu wengi hadi vituoni na bandarini, na hakupata kujua waliobaki walifanya nini baada ya hapo. Sasa alijua. Alirudi, akachota ndoo moja, akaimwaga kwenye pembe ya juu, akazunguka nyuma ya ukuta kusubiri maji yatoke.